Majibu ya Maji

Watu wa rika langu pale Sumbawanga wakikumbuka miradi ya maji ya miaka ya themanini, wanakumbuka magari. Wanakumbuka Landrover za Wanorway zikipanda na kushuka mlima Lyambalyamfipa, dereva mwekundu kwa vumbi hadi kwenye kope, na mtambo wa kuchimba visima uliokaa kijijini siku kadhaa huku shule nzima ikiwa imehamia uwanjani kuutazama. Maabara hawaikumbuki. Siwalaumu, kwani maabara haikuwahi kuwaambia kitu.

Mimi nilikuwa humo ndani. Nilimaliza Chuo cha Maji, Ubungo, nikiwa binti wa miaka ishirini na kidogo, nikapangiwa Rukwa. Mkoa wenyewe ulikuwa bado mchanga, umeundwa 1974 kwa kumega Mbeya na Tabora, na wenzangu chuoni walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Tunduma hadi Sumbawanga zilikuwa kilometa zaidi ya 200 za udongo mtupu. Mvua za Desemba zikishashika, lori lingeweza kulala njiani siku mbili tatu na abiria wake ndio wakawa wasukumaji. Nilifika mwezi wa sita. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba uwanda wa Ufipa una baridi. Nilikuja na kanga na blauzi za Dar es Salaam, na usiku wa kwanza mama mwenye nyumba alinitupia blanketi la pili bila kuombwa, akasema, "Binti, huku si pwani."

Ofisi niliyoitumikia nitaiacha bila jina. Zilikuwapo nyingi zilizoshughulika na maji wakati ule, za serikali na za wafadhili, na haya nitakayoyasema yalikuwa desturi ya kazi kila mahali. Wengi niliofanya nao kazi walikuwa watu waadilifu waliojaza fomu kama zilivyochapishwa.

Wanorway walifikaje Rukwa? Serikali ilikuwa imejiwekea lengo mwaka 1971 kwamba kufikia 1991 kila Mtanzania wa kijijini apate maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Fedha hazikuwapo, kwa hiyo mikoa ikagawanwa kwa wafadhili. Wafini wakapata Mtwara na Lindi. Wadenmark Iringa, Ruvuma na Mbeya. Waswidi kanda ya ziwa. Waholanzi Shinyanga na Morogoro. Rukwa na Kigoma zikaangukia Norway, kupitia shirika lao la NORAD. Umoja wa Mataifa nao ukatangaza muongo wa maji, 1981 hadi 1990. Ilikuwa enzi ya mipango mikuu, vitabu vinene vyenye ramani za kukunjwa, kila chemchemi na namba yake. Huku mitaani sabuni ilikuwa haipatikani, mafuta ya gari ni kwa kibali, na mwaka 1983 watu walikuwa wanatupa mali mtoni kuwakwepa wasaka wahujumu uchumi.

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye beseni la kauri na dirisha linalotazama milima ya Mbizi. Chupa za sampuli zilikuwa za kioo. Tulizifunga midomo kwa karatasi ya kaki na kuzipika kwenye sufuria la mvuke, lile lenye kifuniko cha kubana. Barafu tuliazima hospitali. Ukifika kwenye bomba, unalifuta, unawasha kipande cha pamba kilicholowa spiriti na kuchoma mdomo wa bomba mpaka maji yaliyobaki ndani yanatoa sauti ya kukaangika. Kisha unafungulia, unaacha yamwagike kwa muda, na hapo ndipo unakinga. Akina mama waliopanga ndoo walikuwa wakinitazama nikimwaga maji ambayo wao wamekuja kuyatafuta tangu alfajiri. Kila kijiji, kila safari, yupo mmoja aliyeweka ndoo yake chini ya mkondo huo bila kusema neno, na mimi nikamwacha.

Saa sita. Hiyo ndiyo ilikuwa amri ya kazi yetu, kwamba sampuli ya bakteria ifike kwenye meza ndani ya saa sita, ikiwa kwenye barafu. Kutoka Kasanga kule ziwani au Mtowisa bondeni, wakati wa mvua, saa sita ni ndoto. Ndiyo maana ukitazama kumbukumbu za miaka ile utaona vijiji vilivyopimwa mara nyingi ni vile vya kando ya barabara kuu, na vilivyopimwa kiangazi. Maji ya kiangazi ndiyo huwa na nafuu. Uchafu huingia mvua zinapoanza kusomba vinyesi kutoka mashambani na kwenye vyoo, na wakati huo sisi tulikuwa tumekwama matopeni.

Maji yakishafika, unachuja mililita 100 kupitia karatasi nyeupe laini yenye miraba ya kijani, saizi ya mfuniko wa chupa ya jemu. Bakteria wanabaki juu ya karatasi. Unailaza juu ya kitambaa kilicholoweshwa chakula chao, chenye rangi ya waridi iliyokolea, unafunika, unaiweka kwenye inkubeta kwa nyuzi 44 usiku kucha. Bakteria wengi hawaliwezi joto hilo. Wanaotoka kwenye matumbo ya watu na wanyama wanalimudu. Umeme wa mji ulitoka kwenye jenereta za dizeli na haukuwa wa kuaminika, kwa hiyo tuliunganisha inkubeta na betri ya gari. Asubuhi unafunua. Kila bakteria aliyekuwa mmoja jana amekuwa kitone cha njano. Unahesabu kwa lenzi. Kwa maji ya bomba kiwango kilikuwa sifuri, na mara nyingi tulipata vitone vichache. Safari nyingine karatasi yote ilikuwa ya njano, nasi tukaandika: nyingi, hazihesabiki.

Majibu yaliandikwa kwa kaboni. Nakala moja ilibaki jaladani, moja ilikwenda ngazi ya mkoa, moja ilipanda basi kwenda Dar es Salaam. Kila robo mwaka vilichotwa kutoka humo vitu vya kuweka kwenye ripoti ya mradi, nayo ilitafsiriwa Kiingereza na kusafiri mbali zaidi. Nilikuja kuiona moja. Jedwali lilisema sampuli kadhaa zimechukuliwa, nyingi kuliko lengo la robo hiyo, hongera. Ripoti ilihesabu vipimo. Yale yaliyopimwa yalikuwa na hali gani, na nani anayanywa, hakukuwa na safu ya kuandika. Nakala ya kijiji haikuwapo kabisa, na wala hakuna aliyeamua kuwa isiwepo. Fomu ilikuwa na nafasi ya nakala tatu, na kijiji hakikuwa mojawapo.

Nilipouliza, nilipewa sababu, na sababu hizo hazikuwa za kipuuzi. Ya kwanza, ukimwambia mtu maji ya bomba ni machafu atarudi kwenye dimbwi, ambako ni kuchafu mara dufu. Ya pili, mradi umefunguliwa na mkubwa, utepe umekatwa, ngoma zimechezwa. Leo unakwenda kusema nini? Ya tatu ilikuwa ya kitaalamu kidogo. Sampuli moja si ushahidi. Mkono wa mtu unaweza kuichafua, chupa inaweza kuwa na kasoro. Mpaka leo hiyo ya tatu naiheshimu. Lakini kama sampuli moja haitoshi kumwambia mnywaji, ilitoshaje kuwekwa kwenye ripoti ya Oslo?

Hiyo sababu ya kwanza nayo ilikuwa na upande wake wa pili, ambao tuliuona kwa macho. Visima vingine vya pampu vilitoa maji yenye chuma. Yalikuwa mepesi, yenye uasidi kidogo, yakala mabomba ya ndani, yakatoka na ladha ya msumari. Ukichemsha chai inageuka nyeusi, ukifua shuka linatoka na mabaka ya kutu. Kwa bakteria yalikuwa safi kabisa. Akina mama waliyaonja, wakayasusa, wakarudi kwenye chemchemi ya zamani ambayo maji yake ni matamu, baridi, meupe kama kioo, na yamejaa vimelea. Walikuwa wakitumia vipimo vyao, yaani ulimi na jicho, na vipimo hivyo viliwaambia kinyume cha kile kilichoandikwa kwenye daftari letu. Hakuna aliyekwenda na daftari kuwaeleza. Baada ya miezi michache wageni wanapita, wanaona pampu imeota nyasi, wanaandika kwamba wananchi hawathamini mradi.

Kijiji kimoja nakikumbuka kuliko vingine. Kiko nusu ya njia kwenda Laela, nacho sitakitaja. Watu wake walihamishwa 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, wakapangwa kwa mistari kwenye mteremko. Mwaka mmoja kabla ilikuwa imepita ile kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, iliyofundisha kila kaya ichimbe choo, na watu wa pale walikuwa wanafunzi wazuri. Walipohamia, kila nyumba ilichimba choo chake. Chini ya mteremko, hatua chache tu kutoka mstari wa mwisho wa nyumba, ndiko iliko chemchemi. Baadaye mradi ukaja, ukaijengea saruji na kuiwekea bomba. Kampeni ya choo ilikuwa nzuri, na mradi wa maji ulikuwa mzuri. Hakuna aliyesimama juu ya kilima akavitazama vyote viwili kwa pamoja.

Nilichukua sampuli pale mvua zikiwa zimekolea. Karatasi ilikuwa njano tupu. Nikaandika nakala tatu kama kawaida.

Kata ile ilikuwa na bwana afya, Mfipa wa huko huko, mtu mpole aliyetembelea baiskeli iliyofungwa mipira ya kandambili kwenye breki. Alikuwa amechoka kugawa vidonge vya kuzuia kuhara kila Februari. Akaja maabara na kuomba majibu ya kijiji kile. Nikamnakilia kwenye ukurasa wa daftari la shule, kwa Kiswahili, bila jedwali: maji ya chemchemi yenu yana kinyesi, kingi, na yawezekana kabisa kinatoka kwenye vyoo vya juu. Mkutano wa kijiji ulikuwa ufanyike baada ya mavuno ya ulezi. Akaniomba niwepo.

Alisoma. Kimya kilikuwa kirefu, watu wakatazamana, mwenyekiti akakohoa. Kisha mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya plau akauliza kipimo kilifanywa lini. Bwana afya akasema Machi. Tulikuwa mwezi wa saba.

"Bwana mifugo akimtoa ng'ombe wangu damu," mzee akasema, "ananiambia ugonjwa wake kabla sijamfungua kamba. Sisi miezi minne?"

Hakupaza sauti. Bibi mmoja pembeni ndiye aliyepaza, akataka kujua ni nani hasa aliyekuwa akiyasoma majibu yao muda wote huo, kama si wao. Nilisimama, nikaamkia shikamoo kwa wote, nikaeleza karatasi inapita wapi na wapi. Niliona jinsi maelezo yangu yalivyosikika mbele za watu. Ofisini yalikuwa utaratibu.

Mabishano yaliendelea hadi jua likaanguka. Walikuwepo waliosema hawatahama, kwamba babu zao walikunywa hapo. Walikuwepo waliosema vyoo ni amri ya serikali, basi serikali ije ivihamishe. Mwishowe wakakubaliana mambo ya kufanya kwa majembe yao wenyewe, kuchimba mtaro juu ya chemchemi wa kukinga maji ya mvua, kuweka boma la miti ng'ombe wasifike, na kaya za mstari wa mwisho zichimbe vyoo vipya upande wa pili wa mteremko, vile vya zamani vifukiwe. Balozi wa nyumba kumi kumi alisimamia watu wake. Kufikia mvua zilizofuata sehemu kubwa ilikuwa imefanyika, isipokuwa nyumba moja ambayo mwenyewe alikuwa na ugomvi na balozi. Nilipima tena. Vitone vya njano vilikuwa vya kuhesabika. Havikuwa sifuri, na sikuwaambia ni sifuri. Niliwaambia wachemshe ya watoto.

Ofisini niliitwa, nikaulizwa kwa nini karatasi ya kazi imesomwa hadharani. Nikaambiwa nisirudie. Nilikuwa na bahati, kwani wakati huohuo kulifika kitabu kutoka Shirika la Afya Duniani, sehemu ya tatu ya mwongozo wao wa maji ya kunywa, ya mwaka 1985, iliyoandikwa mahususi kwa ajili ya miradi midogo ya jamii. Kilisema kile ambacho bwana afya alikuwa amekwisha kukijua kwa baiskeli: kwa kijiji, ukaguzi wa macho una uzito sawa na maabara. Je, kuna choo karibu na chanzo? Kiko juu yake? Sakafu ya saruji imepasuka? Maji yaliyomwagika yanatuama? Wanyama wanafika? Ni maswali ya ndiyo au hapana, ambayo mtu yeyote wa kamati ya maji anaweza kuyajibu bila barafu na bila saa sita. Niliyachapa kwa Kiswahili kwa taipureta ya ofisi, na kwa kuwa yalitoka Geneva hakuna aliyeniuliza kitu.

Miaka ya tisini zikaja chupa ndogo zenye kipande cha karatasi ndani, kipimo kilichobuniwa India na kutangazwa 1982. Unajaza maji hadi alama, unaacha. Karatasi ikiwa nyeusi, maji yana shaka. Wataalamu wenzangu walizidharau, na wana hoja: haihesabu, na maji mengine ya ardhini huigeuza nyeusi bila kinyesi chochote. Ila ilihitaji joto tu, na Ufipa mwezi wa saba joto ni la kutafuta. Mama mmoja mhazini wa kamati aliifunga chupa ndani ya kanga kiunoni, akashinda nayo shambani, akalala nayo. Asubuhi aliitoa mbele ya wenzake, nyeusi ti. Hakukuwa na haja ya mimi kusoma chochote.

Kitu kingine watu wa nje hawakijui ni kwamba hata neno "salama" lilikuwa na siasa yake. Viwango vyetu vya muda vya 1974 viliruhusu madini ya floraidi hadi miligramu 8 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani lilisema 1.5. Walioweka 8 walijua meno ya watu wa Arusha na Singida yanavyogeuka kahawia. Walijua vilevile kwamba wakiandika 1.5 watakuwa wamefunga visima vya mikoa mizima bila kuwa na vingine. Baadaye kiwango kilishushwa. Sisi wa uwanda wa Ufipa floraidi haikututesa sana, lakini nilijifunza hapo kwamba tarakimu inaweza kupitishwa mezani na mtu akaendelea kuinywa miaka mingi bila kuambiwa kwamba ilikuwa makubaliano.

Nilidhani mambo haya ni ya umaskini wetu. Kisha Mei 2000 ikatokea Walkerton, mji mdogo wa Ontario, Kanada, wenye watu wasiofika 5,000. Mvua kubwa ilisomba samadi ikaingia kisimani. Maabara ilipima, ikaona bakteria wa kinyesi, ikatuma majibu kwa faksi kwa msimamizi wa mradi wa maji, basi. Idara ya afya haikutumiwa. Msimamizi alikaa na karatasi ile siku kadhaa huku akiwahakikishia watu wa afya kwamba maji ni mazuri. Watu zaidi ya 2,000 waliugua na saba wakafa. Nchi tajiri, klorini dukani, faksi inafanya kazi. Nilipoisoma habari ile niliiona ile njia yetu ya nakala tatu. Marekani jirani ilikuwa imepitisha sheria mwaka 1996 kwamba kila mradi wa maji umpe mteja wake ripoti ya mwaka ya ubora wa maji, ingawa hata huko miradi midogo kabisa imelegezewa, inaweza kubandika tangazo tu kwamba ripoti ipo kwa anayeitaka.

Siku hizi Tunduma hadi Sumbawanga ni lami. Mjini kuna maabara ya Wizara ya Maji yenye vijana wenye shahada, na tangu 2019 maji ya vijijini yako chini ya wakala wa serikali, RUWASA, huku kila kijiji au kundi la vijiji likiwa na jumuiya yake ya watumiaji maji yenye mwenyekiti, mhazini na akaunti ya benki. Ni hatua kubwa, na mtu aliyeona tulikotoka hawezi kuibeza. Kipindupindu bado kinarudi mara kwa mara katika bonde la Ziwa Rukwa.

Mwaka juzi nilikwenda kumwona mdogo wangu aliyeolewa kijiji kimoja cha upande wa Matai. Ofisi ya jumuiya ina ubao wa matangazo. Mapato na matumizi ya mwezi yamebandikwa, yamepigwa mhuri, hadi bei ya koki moja imeandikwa. Nikamuuliza mhazini, binti aliyemaliza kidato cha nne, majibu ya maji yako wapi. Akasema walikuja wapimaji, wakachukua, wakaondoka, nao hawajui kama kuna kinachopaswa kurudi. Nikamwambia aandike barua ya kuyaomba, apige mhuri uleule, aweke tarehe. Akauliza wakisema kipimo kina gharama atatoa wapi. Tukafungua daftari lake la makusanyo ya ndoo, tukaanza kupiga hesabu.